Waifai ya Mama Shangani inakatika kila magharibi, na ofisi inamtaka marehemu aje mwenyewe

Mwana wa Shangani (Leicester)
Assalam aleikum ndugu zangu wa Kusini. Naomba msaada, nimechoka. Mama yuko peke yake Shangani, Mtwara, tangu Baba atutoke mwaka 2021. Ana sukari, na kila jioni akishaswali magharibi hunionyesha kipimo kwenye simu nikaiona namba kwa macho yangu. Sasa ni wiki ya tatu picha inaganda. Namwona kafungua mdomo, sauti haiji, mara giza.

Jumatatu nilimtuma mdogo wangu kwenye kampuni iliyotuuzia rauta, sitaji jina. Wakamwambia laini ya simu iliyo ndani ya rauta imesajiliwa kwa NIDA, kitambulisho cha taifa, ya Baba, mwenye laini aje mwenyewe na vidole vyake. Akawajibu mwenye laini amefariki. Basi, wakasema, mrithi alete cheti cha kifo cha RITA na Fomu Namba 4 ya mirathi kutoka mahakamani, kisha aweke vidole. Karatasi zote tunazo. Mama akaenda na bodaboda, akaweka gumba, akaweka shahada, akamaliza vyote kumi. Mashine imekataa. Mama amebangua korosho miaka 30, yale mafuta ya ganda yamemla ngozi hadi ncha za vidole zimekuwa laini kama kombe la baharini. Amerudi nyumbani analia. Nauliza hivi: nani amewahi kuhamisha laini ya marehemu kwenda kwa mrithi ambaye vidole vyake havisomi?

Binti Ligula (Muscat)
Pole sana kaka, nifikishie shikamoo kwa Mama. Sisi pia jioni ilikuwa hivyo hivyo. Ingia kwenye mipangilio ya rauta uweke waifai kwenye masafa ya 5 GHz, ndiyo yenye nguvu. Kwetu ilipona siku ile ile. Suala la ofisi usiniambie, sisi jina la NIDA lilizidi herufi moja kwenye cheti cha kuzaliwa, tukazungushwa miezi miwili na viapo.

Fundi wa Mikindani (Mtwara)
Dada, usimpoteze mwenzio. 5 GHz ina kasi ukiwa karibu nayo, ila ukuta unaimaliza. Huku Mikindani kwenye nyumba za mawe ya matumbawe ukivuka chumba kimoja tu huipati tena. Inayopenya vizuri zaidi ni 2.4 GHz. Kwenu ilipona kwa sababu Ligula nyumba zimebanana, majirani wote wako 2.4 wanagongana. Ungechagua chaneli 1, 6 au 11, ile yenye watu wachache, pengine ingepona bila kuhama.

Kaka wa Leicester, msiguse kitu kwanza. Mdogo wako akae mbele ya rauta saa moja jioni aangalie taa. Zikizima zote na kuwaka upya, huo ni umeme unashuka. Ikibadilika ile ya intaneti peke yake, shida iko kati ya rauta na mnara. Zikitulia zote na simu bado inakatika, hapo ndipo tuilaumu waifai. Kisha achomeke kompyuta kwenye rauta kwa waya. Waya nao ukikatika, hata ubadilishe chaneli mpaka asubuhi hupati kitu. Na rauta mmeiweka wapi?

Mwana wa Shangani (Leicester)
Iko sebuleni, nyuma ya televisheni, pembeni ya friji. Baba ndiye aliyeiweka pale.

Mzee wa Ndanda (Toronto)
Wanangu, mnahangaika na taa wakati mkongo wa intaneti wa baharini ndio mbovu. Mnakumbuka kimbunga Hidaya kilipokata mkongo mwaka 2024, nchi nzima ikazima?

Binti Ligula (Muscat)
Shikamoo mzee wangu, lakini hapana. Hidaya ilipiga mwanzoni mwa Mei, ikatukatia barabara ya Lindi kwenda Dar pale Somanga. Mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika tarehe 12 Mei, huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Ni mambo mawili tofauti. Mkongo ukikatika nchi inaumia mchana na usiku, hauchagui magharibi.

Mzee wa Ndanda (Toronto)
Marahaba binti. Nimekubali tarehe, sikubali mengine. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana wakitaka gesi ya Mnazi Bay iwafae wao kwanza. Leo mama wa watu anashindwa kuongea na mwanawe jioni. Na mimi niliyechukua uraia wa huku hata nikitaka kumsajilia dada yangu laini kwa jina langu, NIDA sina tena. Wangetupa uraia pacha tungewatunza wazee wetu vizuri zaidi.

Dada wa Mitwero (Leeds)
Mzee, tuachie kwanza gesi, kijana kauliza vidole. Ingawa umenikumbusha nyumbani. Juzi nilikuwa naongea na shangazi yangu Lindi, nyuma yake nikamsikia mtu anapita akinadi ming'oko, vile viazi pori vya kwetu. Nilikaa na simu sikioni hata baada ya laini kukatika.

Fundi wa Mikindani (Mtwara)
Nimepita kwa Mama leo mchana, mdogo wako alinielekeza. Taa ya intaneti ndiyo inayobadilika, na waya nao unakatika. Nikafungua ukurasa wa rauta: nyuma ya televisheni ishara ya mnara ilisoma -116. Nikaisogeza dirisha la mbele, lile linalotazama barabara, ikasoma -98. Kwa ishara hii namba ikikaribia sifuri ndiko kuzuri, kwa hiyo tumepanda sana. Jioni watu wanarudi makwao wote wanaugawana mnara mmoja, mwenye ishara dhaifu ndiye anayedondoka kwanza. Mama alinizuia kidogo, akasema mahali pale alipachagua marehemu. Nikasubiri mpaka akaitoa kwa mikono yake.

Mwana wa Shangani (Leicester)
Fundi, Mungu akulipe. Jana tumeongea dakika 40 bila kuganda. Kipimo kilisoma 7.2, nimekiona. Nyuma ya televisheni pamebaki alama ya vumbi, pembe nne, Mama hajapafuta.

Ila laini bado ni ya Baba, na kifurushi kinaisha tarehe 30. Vidole jamani, hakuna hata mmoja aliyepitia?

Binti Ligula (Muscat)
Ngoja niulizie kwa mama mdogo, nitarudi. Kuna anayekwenda Mtwara mwezi huu? Nina betri ndogo ya rauta ya volti 12 ya kumpelekea mama yangu.

Fundi wa Mikindani (Mtwara)
Soma kwanza kibandiko chini ya rauta, nyingine ni volti 9. Na betri haiwekwi kwenye begi la chini ya ndege, abebe mkononi.