Yadi 6 gawanya kwa 1¼: simu inasema 4.8, kitambaa kinasema vingine

Mwanagenzi_Moro:
Wakuu, habari za jioni. Niko kwa fundi najifunza kushona, na hesabu za sehemu niliziacha darasa la tano. Nimepewa pisi ya kitenge yadi 6 nitoe mashati ya watoto, kila shati linakula yadi 1¼. Nikigawanya kwenye simu napata 4.8. Haya, mashati manne. Ila nimeshakata manne, kilichobaki nimekipima ni yadi nzima, si 0.8. Simu inakosea au kitambaa kilizidi?

La pili: fundi wangu akishapima kiuno anagawa kwa nne, anaongeza robo tatu ya kushonea, anatia chaki papo hapo bila kuandika popote. Kiuno cha leo kilikuwa inchi 30½. Anafanyaje kichwani?

BibiCherehani:
Mwanangu, simu haijakosea, na muuza kitenge hajakuzidishia kitu, wale hawazidishi. Hiyo 0.8 si yadi, ni shati.

Geuza vyote viwe robo. Yadi 6 ni robo 24. Yadi 1¼ ni robo 5. Robo 24 ukizigawa tano tano unapata mafungu manne na robo 4 juu, ndiyo yadi yako hiyo. Sasa shati linataka robo 5, wewe una 4: hapo una 4/5 ya shati, yaani 0.8. Simu uliiuliza mashati mangapi, ikakujibu kwa mashati.

Kiuno nacho usikitolee macho. Katika 30½ chukua 28 kwanza, gawa kwa nne, 7. Zimebaki inchi 2½, ambazo ni nusu tano. Nusu moja ukiigawa kwa nne ni moja ya nane. Nusu tano basi ni 5/8. Jibu 7⅝. Tandaza futi yako mezani: kati ya 7 na 8 ule mstari mrefu ni nusu, yaani 4/8. Sogea kijistari kimoja mbele, ndipo hapo. Robo tatu ni vijistari 6. Tano na sita, 11. Nane zinatimiza inchi, zinabaki 3. Tia chaki kwenye 8⅜. Fundi wako anahesabu vijistari tu, wala usimwogope.

Chaki_Nyeupe:
Bibi kamaliza. Niongeze la darasani, maana kila mwaka nalisahihisha: 5/8 + 3/4, mtoto anaandika 8/12. Rahisisha upate 2/3, ambayo ni ndogo kuliko hiyo 3/4 peke yake! Umeunga kitambaa kikapungua. Asili, namba za chini, hazijumlishwi. Tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 8 na 4, ni 8. 3/4 inakuwa 6/8, ndipo ujumlishe kiasi kwa kiasi, namba za juu: 11/8, yaani 1⅜. Kutoa ni vivyo hivyo. Kuzidisha hakuhitaji KDS, kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Kugawanya, pindua ya pili uzidishe: 6 × 4/5 = 24/5 = 4⅘. Ndizo robo 24 za Bibi kwa robo 5.

mzee_wa_sentimita:
Mimi napima kwa sentimita, sina kesi na mtu 😂

BibiCherehani:
Baki nazo. Dukani ukifika kitenge utauziwa kwa yadi.

Mwanagenzi_Moro:
Shikamoo Bibi, nimeelewa, na mwalimu pia asante. Mwenye kitenge anataka ile yadi iliyobaki nimtolee sketi ya mtoto, inakula robo tatu ya yadi. Inabaki robo, au nimepotea tena?

BibiCherehani:
Marahaba. Ni robo, inchi 9 kwa upana wote wa kitambaa. Zinatosha mifuko ya mashati yote manne. Angalia tu maua ya mfuko yasimame kama ya shati.