Naomba ushauri: mdahalo wa utandawazi mbele ya wakulima wa kahawa

Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Nafundisha Historia sekondari huku Mbozi. Ijumaa wanafunzi wangu wana mdahalo kuhusu maandamano ya kupinga utandawazi wa kiuchumi, na wazazi wamealikwa, wengi wao wakulima wa kahawa.

Nimewaeleza Seattle, Marekani, 1999, waandamanaji walivyovuruga mkutano wa Shirika la Biashara Duniani, na Cochabamba, Bolivia, mwaka 2000, watu walipogomea maji kubinafsishwa na bei kupanda. Wameshika, ila kwa kukariri tu. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa sisi inatuhusu nini?" Kusema kweli nilibabaika.

Baadaye nikakumbuka 1989, mgawo wa kimataifa wa mauzo ya kahawa (makubaliano ya kila nchi kuuza nje kiasi fulani tu ili bei isishuke) ulipovunjika na bei ikaporomoka. Babu zao waliyaonja makali yake. Lakini mzee mmoja niliyemfuata akasema soko huria ndilo lililomwokoa na chama cha ushirika kilichokuwa kinamcheleweshea malipo. Hapo ndipo nimekwama.

Je, hoja ya mzee huyu niiweke upande gani? Na kuna mfano wa kahawa au chai ya huku kwetu ambao mtoto wa kidato cha tatu atauelewa bila mahesabu mengi?