Filamu fupi ya zombi, ya taratibu, dakika 12 ndani ya nyumba moja: inalala katikati, nifanyeje?

Kibatari
Wakuu, nina skripti ya kurasa 12. Mke anamuuguza mumewe aliyeng'atwa, kuanzia magharibi hadi alfajiri, nyumba ya vyumba viwili. Hakuna bunduki, hakuna kundi la mazombi mlangoni. Nataka iwe drama nzito, mtu aangalie kama anavyokaa msibani. Vifaa ni kamera moja, lenzi ya 50mm, maiki moja ya bum (ya kushikwa kwa fimbo ndefu) na taa mbili za LED. Siku tatu za kushuti. Shida ni dakika ya 4 mpaka ya 9: mume yuko kitandani, mke anamtazama, basi. Pia mekapu: kila somo la mtandaoni linatumia ngozi ya Mzungu na poda nyeupe. Msaada tafadhali.

MkasiWaPicha
Inalala kwa sababu umemnyima mke kazi. Anayeuguza nyumbani hapati muda wa kukaa akitazama. Kila saa mbili anamgeuza mgonjwa asitoke vidonda vya mgongoni, anabadilisha shuka bila kumshusha kitandani, anachuja uji uwe mwepesi, anafua. Mpe kazi hizo zote, halafu moja baada ya nyingine zianze kumshinda: uji haumezwi, kipimajoto kinateremka badala ya kupanda, mwili ambao saa mbili usiku uligeuzwa kirahisi, saa nane unagoma kama ubao. Hapo ugonjwa unasonga bila mtu kuusema.

Amua na sheria ya ugonjwa mapema, uionyeshe mara moja tu. Kwenye Cargo, ile ya Australia, baba ana saa 48 na kila anachofanya kinapimwa kwa saa hizo. Kabla ya filamu ndefu ilikuwa filamu fupi ya 2013, ya dakika kama 7, karibu haina maneno. Baba anatundika nyama mbele ya uso wake kwa kijiti, ili akishageuka mwili wake uendelee kutembea huku mtoto yuko mgongoni. Kitu kimoja tu, na umeshaelewa mazombi yanataka nini, baba anajua nini, na amekubali nini. Maggie, filamu ya 2015 ya baba anayemuuguza binti aliyeng'atwa, inakwenda kwa wiki kadhaa, lakini nayo ina daktari anayempa baba njia tatu waziwazi: karantini, sindano, au amalize mwenyewe haraka. Baada ya hapo kila kikombe cha maji kinachopelekwa chumbani kina uzito. Wewe una usiku mmoja. Kama mtaa una msikiti, adhana ya magharibi na ya alfajiri zinatosha kuwa saa yako, usiweke saa ya ukutani.

Hesabu ya shoti: dakika 12 ni sekunde 720. Shoti za sekunde 30 kwa wastani ni 24 tu, na kwa siku tatu hizo ni 8 kwa siku, unaweza. Ila shoti ya sekunde 30 inahitaji kikwazo ndani yake. Mfano: vidole vya mume vimevimba, mke anataka kumvua pete. Anapaka sabuni, haitoki. Anachukua uzi, anaupitisha chini ya pete, anauzungusha kwenye kidole kwa kubana mpaka upite kiungo, halafu anaufungua kutoka upande wa pete na pete inapanda kidogo kidogo. Mikono tu kwenye fremu, dakika nzima, usikate. Pete inatoka na ngozi nyembamba imeng'ang'ania ndani yake. Anaisuuza, anaivaa dole gumba.

PodaNaLateksi
Nijibu mekapu. Kwenye ngozi nyeusi, poda ya kijivu haimpi mtu sura ya maiti, inampa sura ya mtu aliyesahau kupaka mafuta. Kuishiwa damu kunaonekana midomoni, kwenye ufizi, ndani ya kope la chini, viganjani na chini ya kucha. Anzia hapo. Midomo ipake fandesheni ya rangi ya ngozi yake, kisha gusa zambarau kidogo katikati. Kucha zipake kijivu chenye bluu, safu nyepesi. Usoni punguza wekundu kwa rangi ya zeituni iliyochanganywa na fandesheni yake mwenyewe, nyembamba kiasi cha vinyweleo kuonekana. Ukiona rangi kwa macho ukiwa mita moja, kwenye kamera imezidi.

Kitu kinachokosewa sana ni mwili wote kuwa kijani. Kwa maiti halisi, kijani huanzia chini ya tumbo upande wa kulia, kwa kawaida baada ya siku moja au mbili, joto likiharakisha. Kwa usiku mmoja hukihitaji. Unachohitaji ni damu kushuka: akilala chali, weusi mwekundu unakaa mgongoni na nyuma ya mapaja, isipokuwa sehemu zilizogusa kitanda, ambazo hubaki zimepauka. Mke akimgeuza tukaona mgongo huo, watu wataelewa amekufa zamani na bado anapepesa macho.

Ngozi iliyosinyaa: vuta ngozi, gusagusa lateksi ya maji (mpira wa majimaji wa mekapu) kwa sponji, bandika tishu ya safu moja, lateksi tena, kausha kwa feni, paka poda *kabla* ya kuachia. Ukisahau poda, ngozi inajigandia yenyewe na kazi yote inaharibika. Nyusi na nywele za mkono zipake vaseline kwanza. Siku moja kabla, jaribu tone ndani ya mkono wa mwigizaji. Mzio wa lateksi unaweza kumbana mtu pumzi, usiupuuze.

Jeraha la kung'atwa: jelatini ya unga, maji na gliserini, kipimo sawa, kijiko kwa kijiko. Pasha juu ya maji ya moto mpaka iyeyuke, isichemke, ipoe mpaka uweze kuishika kwenye kifundo cha mkono ndipo uipake. Soma pakiti, jelatini nyingine ni ya nguruwe na mwigizaji ana haki ya kuikataa. Tafuta ya ng'ombe. Kwenye joto inatoka jasho na kingo zinabanduka, kwa hiyo sini za jeraha shuti usiku au alfajiri.

Damu: sukari vikombe 2 kwa kikombe 1 cha maji, chemsha ipoe, rangi nyekundu ya chakula kijiko 1 cha chai, bluu matone 2, kakao nusu kijiko ili isipitishe mwanga. Ya zamani ongeza kakao. Sisimizi watakuja, tandika nailoni. Nunua shuka tatu za aina moja, rangi haitoki.

Lenzi za macho za bei rahisi achana nazo, zinaumiza jicho. Na macho mekundu nayo acha. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi kwa sababu ya macho yaliyowekundishwa na moshi wa jikoni. Sura hiyo kwa watazamaji wetu haisemi "mgonjwa".

Fundi Umeme wa Seti
Macho ya maiti ni kazi ya taa. Jicho hai lina kadoa ka mwanga. Ukikaondoa, linakufa hapohapo. Macho meusi yanaakisi kila kitu, hivyo weka taa nyuma ya kitanda na utundike kitambaa cheusi kando ya kamera, upande ambao mume anatazama. Mke mwachie kadoa kake. Anza kukaondoa kwa mume kuanzia dakika ya 6, hakuna atakayejua kwa nini anaogopa.

Kamera fremu 25 kwa sekunde, shata (muda kila fremu inapokea mwanga) 1/50, maana umeme wetu ni 50Hz. Ukiweka fremu 30 na shata 1/60, balbu zitachezacheza na huwezi kuondoa kirahisi kwenye kuhariri. LED zenye kipunguza mwanga zijaribu kwanza, nyingine zinacheza zikipunguzwa.

Sauti ndiyo itabeba filamu hii. Rekodi ukimya wa kila chumba sekunde 60, watu wote wakiwa wamesimama kimya. Zima friji, na ufunguo wa gari uweke ndani ya friji ili usiondoke bila kuiwasha tena. Pumzi ya mume irekodi peke yake, maiki sentimita 20 kutoka mdomoni, kwa pembeni. Mtu anayekata roho hupumua kwa mawimbi: pumzi zinakua, zinapungua, zinasimama sekunde 10, 20, hata zaidi, kisha zinaanza upya. Ukishamzoesha mtazamaji mapumziko hayo, atahesabu mwenyewe.

Mzee wa Kale
Nikazie neno moja. Msimwite huyo mume msukule. Msukule wa kwetu hali nyama ya mtu. Amechukuliwa, hasemi, analimishwa shamba la mtu usiku. Kwa hilo yuko karibu na zombi wa asili wa Haiti, hofu iliyozaliwa kwenye mashamba ya miwa ya watumwa, kwamba hata kifo hakikutoi kazini. Zombi mla watu ni wa mwongozaji George Romero, kwenye Night of the Living Dead ya 1968, na hata yeye kwenye filamu hiyo aliwaita "ghoul". Ukichanganya hao wawili, mtazamaji wa Bara atauliza mchawi yuko wapi, na filamu yako haina mchawi.

Kibatari
Nashukuru wakuu. Pete naichukua kama ilivyo. Swali la mwisho: mwigizaji atabana vipi pumzi kwenye shoti ya mwisho? Ni sekunde 40, fremu pana.

MkasiWaPicha
Haiwezekani, na akilazimisha shingo itatetemeka. Mfunike blanketi zito mpaka kidevuni, kamera ikae upande wa miguu, apumue kidogo kwa tumbo. Mke akae kitandani apige pindo la shuka kwa sindano, mkono wake ukitembea jicho la mtazamaji litaufuata. Sekunde 25 zinatosha, zile 15 zilizobaki kamera ionyeshe mlango.