Kuchambua na kupanga picha za harusi: Lightroom Classic, Bridge au digiKam?

mwanga_wa_jioni: Wakuu, habari za saa hizi. Nimechoka kufungua picha mojamoja kwenye Photoshop. Nimebakiza programu tatu: Lightroom Classic, Adobe Bridge na digiKam. Ipi inafaa kuchambulia na kupangia picha za harusi? Nataka kuamua kabla ya Jumamosi.

Kikoti: Mkuu, hapo hujatupa kitu cha kushika. Windows au Mac? RAM ngapi? Unapiga RAW (faili ghafi la kamera) au JPEG? Picha zinakaa wapi, na mnaozigusa ni wangapi?

mwanga_wa_jioni: Windows 10, RAM GB 8. RAW, mimi Canon, mwenzangu Nikon. Diski ya nje ya TB 2, si SSD.

fundi_lenzi: Bridge, bila kusita. Ni ya bure, unahitaji akaunti ya Adobe tu, na haina habari ya kuingiza picha kwanza: unafungua folda, unaanza kazi. Kwa diski yako, washa kitufe cha juu kinachoiambia itumie JPEG iliyomo ndani ya RAW, la sivyo itatengeneza vijipicha upya na utangoja sana. Nyota za kupimia picha ni Ctrl+1 hadi Ctrl+5. Kwa RAW za Canon na Nikon nyota hizo huandikwa kwenye faili dogo la .xmp kando ya picha. Ukihamisha RAW nje ya Bridge ukaliacha, nyota hazifuati.

Kikoti: Bridge inachambua vizuri, kutafuta ndiyo shida. Mteja wa mwaka juzi akirudi, katalogi ya Lightroom, yaani daftari lake la kumbukumbu za picha, inakuonyesha picha zake hata diski ikiwa imechomolewa.

bi_makame: Ndugu zangu, katalogi ina hatari yake. Kuna studio ilihamisha folda za mwaka mzima kwa kukata na kubandika kwenye Windows. Katalogi hukumbuka njia ya faili, haibebi picha yenyewe, kwa hiyo kila folda ikaota alama ya kuuliza. Hilo linatibika: bofya kulia folda ya juu kabisa, ielekeze ilikohamia, na zilizo ndani zinafuata. Wao wakaziondoa, wakaziingiza upya. Marekebisho yote yalikuwa ndani ya .lrcat, faili la katalogi, peke yake, hakuna aliyewahi kubonyeza Ctrl+S ili yaandikwe kwenye .xmp, basi picha zikarudi mbichi. Lightroom ilipouliza kuhifadhi nakala wakati wa kufunga, walikuwa wanairuka. Na mjue, nakala ile ni ya katalogi tu, picha haimo. Hata Ctrl+S haiokoi makusanyo (vikundi vya picha ulivyovipanga ndani ya Lightroom) wala nakala pepe (matoleo ya ziada ya picha moja yasiyo na faili lake).

fundi_lenzi: Ndiyo maana nasema Bridge.

pwani_raw: digiKam mmeisahau. Bure kabisa, na inatafuta kwa lebo na kwa sura. Ila kwenye mipangilio uiruhusu kuandika .xmp, na uchague majina yanayoelewana na programu za kibiashara. Usipofanya hivyo, kwa RAW ya Nikon (.NEF) inaandika DSC_0412.NEF.xmp, wakati Adobe inatafuta DSC_0412.xmp. Utaweka nyota usiku kucha, Bridge isione hata moja.

Kikoti: Watu wawili kwenye Lightroom hawafungui katalogi moja kwa pamoja, na haikubali kukaa kwenye diski ya mtandao. Mmoja achambue kwenye katalogi yake, aitoe, mwingine aiingize kwenye kuu.

pwani_raw: Na folda anza na mwaka: 2024-06-15, kisha jina. Ukianza na siku, Juni na Desemba zinachanganyika.

bi_makame: Mteja hakumbuki tarehe, jina litangulie.

pwani_raw: Jina utalitafuta, mpangilio wa tarehe hautafutiki.

mwanga_wa_jioni: Hapo kwenye tarehe: saa za kamera zetu mbili hazilingani. Pete inatokea baada ya keki.

Kikoti: Kwenye Lightroom chuja kwa kamera, chagua za Nikon zote, rekebisha saa ya picha moja ya Nikon ilingane na ya Canon ya tukio lilelile, tofauti ileile inaingia kwa zote. Jumamosi linganisheni saa kabla ya kuingia kanisani. Mwenzako yuko tayari kulipia Lightroom kila mwezi?