Avenyu Yetu, Katuba, Lubumbashi: shimo la matofari

JUMATANO

06:10 Mama Mujinga: Yambo ba jirani bote. Tangu mvua ya Alhamisi iliyopita sikupita nyuma kwa Papa Numbi. Leo asubuhi nimepita. Shimo la matofari limeshika maji, yananifika kwenye kifundo cha mguu. Na hii ni mvua ya kwanza tu, maembe hata haijaiva. Jumamosi saa moja asubuhi tufanye salongo, kazi ya jirani bote pamoja, tulifukie mbele halijajaa. Mwenye iko tayari aandike jina.

06:11 Mama Mujinga: 1. Mama Mujinga

07:55 Mama Mujinga: Tuko bantu 38 mu hiki kikundi. Jina ni moja.

08:20 Kasongo: 2. Kasongo, kama Mama Mujinga anapika bukari

08:21 Trésor: Kasongo muhesabu mara mbili, kwa sahani

08:21 Kasongo: 😂😂😂

09:02 Tantine Bea: Amani ya Bwana iwe mu kila nyumba ya hii avenyu. Sema Amina na utume kwa batu 10 🙏🙏🙏

09:03 Mama Ngoie: Amina

09:03 Trésor: Amina

09:05 Mama Mujinga: Amina. Na jina kwa salongo, Tantine?

12:34 Mama Mujinga: [picha]

12:36 Mama Mujinga: Nimechota yale maji na kikombe cheupe cha mutoto. Fungueni picha muikuze. Munaona vile vidudu kama vipande vya uzi, vinalala sambamba na uso wa maji? Ukipitisha kivuli cha mukono vinakimbilia chini, kiisha vinapanda tena. Infirmié Kalenga wa santre ya afya alitufundishaka hapa kwangu, barazani: mwenye kulala hivi ni mtoto wa mbu wa malaria. Mwenye kuning'inia kichwa chini ni wa aina ingine. Nimehesabu 23 mu kikombe kimoja. Kimoja!

12:37 Mama Mujinga: Kwa joto hii, tangu yai mpaka mbu mwenye mabawa ni wiki na siku chache. Leo ni siku ya sita. Jumamosi ni ya tisa. Njo maana nasema Jumamosi, haiko Jumamosi ingine.

12:50 Kasongo: Mama, Jumamosi iko match. Sisi ba Kunguru wa Mazembe hatuwezi kosa

12:51 Trésor: Kunguru si anakulaka funza? Tuwaweke mu shimo, kazi imeisha

12:51 Kasongo: We mutu wa Lupopo nyamaza

12:52 Mama Ngoie: 😂 Trésor umeniua

12:58 Mama Mujinga: Match ni saa tisa. Salongo ni saa moja. Kasongo, mama yako aliniambia mudogo wako alilala santre siku tatu mwezi wa pili. Siko nacheka, mwanangu.

13:40 Kasongo: Pole Mama. Nitakuja.

16:15 Papa Numbi: Naona jina yangu inatembea hapa. Ile parseli ni yangu, niko na karatasi. Na ba mbu batokea ku mutaro, haiko ku shimo. Mutaro inanuka tangu kwa Mama Ngoie mpaka ku barabara kubwa. Kuko mutu alihesabu vidudu vya mutaro na kikombe?

16:17 Papa Numbi: Kwanza munionyeshe makuta ya mutaro ya 2022. Tulichanga nyumba kwa nyumba. Mutaro haikuchimbwa. Mwenye kukamata yale makuta iko anasoma sasa hivi.

16:18 Trésor: Eeeh

16:18 Mama Ngoie: Papa Numbi, hii mambo si tuliisha kuizika?

16:19 Papa Numbi: Mulizika ninyi. Mimi sikutupia hata bulongo.

*Tantine Bea ametoka kikundini*

16:24 Mama Mujinga: Papa Numbi, na heshima yote. Ile makuta tutaiongelea, nami nitakuwa wa kwanza kuuliza. Lakini mbu hatangoji hesabu ya 2022. Tafazali tubaki ku shimo.

16:30 Mama Ngoie: Na mimi niko na neno. Mukilifukia lote, mwezi wa sita nitanyweshea lengalenga na nini? Bomba inatoka saa ngapi kwangu munajua. Ile bustani njo inalipa masomo.

16:33 Kasongo: Tuweke samaki ndani. Samaki anakula watoto wa mbu, nilisoma

16:34 Trésor: Kwenu samaki munajuaka ni makayabu tu. Itaogelea na chumvi yake?

16:34 Kasongo: 😂😂 hapana

16:36 Trésor: Ao tumwage mafuta chafu ya motari juu ya maji. Fundi wa pale kona anaitupaka bure

16:41 Mama Mujinga: Trésor, usimwage kitu mpaka Infirmié ajibu. Mama Ngoie anachota mule. @Infirmié Kalenga, tunakungoja.

16:42 Mama Mujinga: Majina: Mujinga, Kasongo. Wengine?

18:05 Mama Mujinga: Nimerudisha Tantine Bea. Tantine, hakuna mwenye alitaja jina yako.

18:06 Papa Numbi: Kweli, sikutaja jina.

*Tantine Bea ametoka kikundini*

19:48 Nkambo Monga: [ujumbe wa sauti, dakika 3:12]

19:55 Mama Ngoie: Sina mega ya kufungua. Junior, andika vile Nkambo anasema

20:11 Junior, kwa simu ya Nkambo: Naandika vile alisema, siongeze.

«Nimesikia kelele yenu, hata bila simu ningeisikia. Lile shimo nililiona siku linachimbwa. Matofari ya nyumba yangu yalitoka mule. Ukuta wa Mujinga, mule. Choo ya Ngoie, mule. Baba ya Trésor alilipa nusu na nusu ingine mpaka leo. Sasa musimwite Numbi mwenye shimo. Ile bulongo iko mu kuta zetu sisi bote, tunaiegemea kila siku.

Wakati nilikuwa kambini ya kampani, bantu wa usafi walipitaka kila wiki na pompe mgongoni. Wanamwanga mafuta ku kila kidimbwi, wanaangalia nyuma ya nyumba. Ukipatikana na kopo yenye maji ya kulala, unaitwa kwa mukubwa. Tuliwachukia. Lakini walikuja bila kuitwa. Leo hakuna mwenye kuja, ni sisi kwa sisi.

Mwezi wa kwanza mwaka jana nilibeba sanduku kutoka mu hii avenyu. Nilibeba peke yangu, na mukono moja. Ilikuwa nyepesi. Munajua ilitoka nyumba gani. Sitaki kubeba ingine.

Jumamosi nitaleta kiti changu. Nitakaa pale ku shimo. Mwenye hataki kuja, apite mbele yangu aende kwenye anaenda.»

21:37 Mama Kabwe: 3. Mama Kabwe

21:38 Mama Mujinga: Mama Kabwe 🤍

21:50 Trésor: 4. Trésor. Na deni ya papa, Papa Numbi, tutaonana.

23:15 Infirmié Kalenga: Samahani jirani, nilikuwa zamu, natoka sasa. Nimesoma yote, tangu juu. Naandika polepole.

23:22 Infirmié Kalenga: Papa Numbi hakukosea kabisa. Mbu wengi wanaotupigia kelele masikioni wanatoka mutaroni na kwenye vyoo. Wale wanapenda maji machafu, wanatunyima usingizi, lakini malaria hawabebi. Wa malaria anaitwa anofele, na anataka maji ambayo wewe mwenyewe ungeona ni mazuri: masafi, yasiyotembea, yanayopigwa na jua. Shimo la matofari. Alama ya gurudumu la kamio. Hata alama ya kwato la mbuzi ikishika maji wiki mbili inatosha. Anauma usiku, sana sana saa zile umelala fofofo, na ni jike tu anayeuma, kwa sababu anatafuta damu ya kukomaza mayai. Kwa hiyo mutaro tuusafishe, ndiyo, lakini watoto ninaowapima wakiwa wanatetemeka, homa yao haikutoka mutaroni.

23:29 Infirmié Kalenga: Kuko mwingine anauma mchana, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Hana haja na shimo, anazaa ndani ya mapine ya zamani na makopo. Anabeba chikungunya na dengi. Kasongo, kwa kwado ya baba yako nimeona mapine zaidi ya 20 yamelala nje, mdomo juu. Yatoboeni ao yafunikeni.

23:36 Infirmié Kalenga: Mafuta chafu, hapana. Ni kweli yanafunga uso wa maji na vidudu vinakosa pumzi, lakini mvua kubwa inayapeleka, na kwa shimo hili yataingia kwenye mboga tunayokula sisi. Samaki anakula funza wa mbu, Kasongo umesoma vizuri, ila shimo likikauka mwezi wa saba atakufa. Kufukia ni bora. Na kama sehemu itabaki kwa bustani, basi mulikaushe kabisa mara moja kwa wiki, bila kuruka wiki, nyasi za ukingoni zitolewe. Ukikausha kila wiki, hakuna kidudu kinachofikia mabawa.

23:37 Infirmié Kalenga: Na Mama Ngoie, nakuomba na heshima. Ile wavu ya bluu yenye umezungusha ku miche ya lengalenga, ni chandarua tulichopewa kwa kampeni?

23:58 Mama Ngoie: ...

00:02 Mama Ngoie: Ni kile cha pili. Cha kwanza tunalalia.

00:03 Mama Ngoie: Nyumba inatupa joto Infirmié, batoto banakipiga mateke usiku kucha

00:06 Infirmié Kalenga: Najua joto, na kwangu ni hivyo. Lakini uko na watoto watano ku vitanda viwili. Kitoe kesho, ukifue na sabuni ya kipande na maji baridi, ukianike kivulini, usikiweke juani, jua linaua dawa iliyo ndani. Kikiwa na tundu, ushone na uzi tu. Kishuke mpaka chini ya godoro, kisining'inie hewani.

ALHAMISI

05:50 Mama Mujinga: Aksanti sana Infirmié, ulale sasa. Jirani, someni ya Infirmié bote. Hata wenye kuonaka tu bila kujibu.

06:30 Trésor: Infirmié, swali. Muke wangu ni mwezi wa tano. Akipata homa anywe ile dawa tunanunuaka soko ya komine Kenya?

13:12 Infirmié Kalenga: Hapana, Trésor, usimpe. Aje santre leo, asingoje homa. Kuanzia mwezi wa nne wa mimba mama anapewa dawa ya kuzuia, anaimeza mbele yetu, anarudi baada ya mwezi, angalau mara tatu mpaka kujifungua. Na mtu yeyote mwenye homa, mukubwa ao mutoto, apimwe kidole kwanza, siku ileile. Robo saa hivi majibu yanatoka. Ikiwa ni malaria anamaliza dawa yote ya siku tatu, asikate akisikia nafuu. Mutoto akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akishikwa degedege ao akilala bila kuamka vizuri, musimpeleke kwa maombi kwanza, musimpake mafuta kwanza. Mbio. Hata usiku. Mutagonga dirisha langu.

13:13 Trésor: Tunakuja saa nane.

13:20 Mama Kabwe: Mimi nilingoja asubuhi. Musingoje asubuhi.

15:41 Mama Mujinga: Mama Kabwe, nakuja kwako sasa.

17:30 Papa Numbi: Nimesikia Nkambo. Nimeenda kumuona, tumeongea. Mufukie upande wa barabara, sikatazi. Upande wa nyuma nabakisha, niko na matofari 2,000 mabichi pale, nimeyafunika na shiti, nikiyapoteza nimekufa mwaka huu. Kiisha kuyachoma tutaona.

17:34 Mama Mujinga: Utayachoma lini, Papa Numbi, na mvua imeanza?

17:52 Papa Numbi: Mungu akitupatia siku kumi za jua.

17:53 Mama Ngoie: Huo upande wa nyuma mimi nitaukausha kila wiki. Naapa. Nitachota na ndoo mpaka chini, Jumapili kiisha misa.

17:55 Mama Mujinga: Kila Jumapili, Mama Ngoie?

17:55 Mama Ngoie: Kila Jumapili.

17:58 Mama Mujinga: Sawa. Sikuridhika, nasema wazi. Nusu shimo ni nusu malaria. Lakini tuanze. Kamio moja ya bulongo, dereva anaomba dola 40. Nyumba 19, kila nyumba FC 6,000 inatosha. Makuta nani anakamata?

18:20 Mama Mujinga: Nani anakamata makuta?

19:04 Kasongo: Nkambo

19:04 Trésor: Nkambo 👍

19:06 Papa Numbi: Kwa Nkambo nitatoa.

19:30 Junior, kwa simu ya Nkambo: Nkambo anasema alete kila mutu mwenyewe, ku mukono, asitume mutoto. Na mwenye hana makuta alete nguvu.

IJUMAA

06:15 Mama Mujinga: Majina tuko 9. Nkambo amepokea nyumba 7. Usiku ilinyesha, mumesikia. Maji sasa yanapita kifundo.

11:20 Mama Mujinga: Nyumba 8. Tantine Bea amepita kwa Nkambo mwenyewe, ameleta elfu kumi na mbili. Musimuulize kitu.

11:21 Papa Numbi: Siulizi.

14:02 Mama Mujinga: Dereva anasema bila nusu ya makuta leo jioni, kamio inaenda Ruashi. Wenye hamujatoa, mlango wa Nkambo uko wazi mpaka saa moja.

16:45 Kasongo: Mapine tumetoboa 14. Mazima papa anataka kuuza, tumeyaweka ndani

16:46 Infirmié Kalenga: Aksanti Kasongo.

18:50 Mama Mujinga: Nyumba 11. Dereva amekubali kuja, saa mbili, haiko saa moja. Bulongo tutaisukuma kutoka barabarani, kamio haipiti mu njia ya Papa Numbi. Majembe yako sita. Buruweti ni moja tu, yangu. Nani iko na ya pili?

19:25 Mama Mujinga: Jirani, buruweti ya pili?

20:40 Papa Numbi: Iko kwangu. Pine yake ilipasuka.

20:41 Kasongo: Ilete kwado sasa hivi Papa, naiziba usiku huu