Nitaanzia wapi kutafuta historia ya Kikwajuni katika nyaraka za Zanzibar?

Mkaazi wa Kikwajuni
Assalaam alaikum ndugu zangu. Marehemu bibi yangu alinisimulia kwamba nyumba yetu ilijengwa katika kiwanja cha mtu mwingine, na kwamba baba yake alikuwa akikilipia kodi ya ardhi mpaka mwaka ambao watu wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe na ulimo mtaa wetu, walikataa kulipa. Nimekusudia kuandika historia ya mtaa huu kwa ajili ya wanangu. Nilikwenda Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani, nikatafuta jina la Kikwajuni katika orodha ya majalada, nikaambulia barua mbili tu zinazohusu mifereji. Naomba mnielekeze.

Msomaji wa Kilimani
Wa alaikum salaam ndugu yangu. Mahali pa kutafuta ni hapo hapo. Kinachokupoteza ni jina la mtaa. Makarani wa serikali ya Waingereza walipanga majalada kwa kazi za idara, kwa hiyo Kikwajuni yako imo ndani ya mambo ya kodi, afya, wakfu na kesi za mahakamani. Anzia mwaka 1928, kwani alichokusimulia bibi ni mgomo wa kodi ya ardhi wa Ng'ambo, ambao uliitia serikali wasiwasi mkubwa, na palipo na wasiwasi wa serikali karatasi huwa nyingi. Ukishalijua jina la mwenye kiwanja, tafuta katika kumbukumbu za Kamisheni ya Wakfu, maana baadhi ya viwanja vya Ng'ambo vilikuwa vya wakfu. Usiliache pia gazeti la serikali, lililoanza kutoka mwaka 1892.

Bint Unguja
Nyongeza yangu ni kuhusu tarehe na majina. Hati nyingi za mauzo na za makadhi zimeandikwa kwa Kiarabu na kwa tarehe za Hijria. Mwaka 1346, kwa mfano, ulianza Julai 1927 na kumalizika Juni 1928, kwa hiyo ukikadiria vibaya utalipita jalada unalolitaka. La pili ni zito zaidi. Baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, watu wengi wa Ng'ambo walijichagulia majina na nasaba mpya, na mtu mmoja anaweza kuonekana kwa jina hili katika hati moja na kwa jina jingine miaka ishirini baadaye. Nakuomba ukikutana na jambo hilo katika ukoo wako, uliandike kwa heshima na usilifiche.

Mwalimu wa Historia
Kwa kipindi cha baada ya Mapinduzi, kumbuka kwamba majumba ya maendeleo ya Kikwajuni yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na nyaraka za serikali ile sasa zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Ujerumani. Ramani za kabla ya ujenzi huo, ukiziona Kilimani, zinakili kwa mkono wako, kisha wapelekee wazee wa mtaa wakuoneshe nyumba ya nani ilikuwa wapi.

Mkaazi wa Kikwajuni
Ahsanteni sana. Bibi alilitaja jina la mwenye kiwanja mara moja tu, na dada yake mdogo bado yuko hai. Nitakwenda kwake kwanza, kisha Jumatatu nirudi Kilimani.