Karo nimemaliza, halafu mapishi na muziki ni "programu ya ziada"? Wazazi wa Gredi ya 7 hadi 9 njooni hapa

Asalaam aleikum na hamjambo nyote. Wasimamizi, msinifutie huu uzi. Jina la shule sitaji, na atakayeitambua naye anisitiri, kwa sababu mwanangu bado yumo mle na mie si mjinga. Niseme tu ni shule ya kibinafsi hapa Mombasa, ng'ambo ya daraja la Nyali, ina basi la manjano na bango kubwa la watoto wanaocheka wakiwa wamevaa miwani ya maabara. Ya miwani nitayarudia.

Kijana wangu yuko Gredi ya 8. Karo ya muhula huu ni shilingi 46,000, chakula mbali, basi mbali. Nimelipa kama tunavyolipa sote, vipande vipande, M-Pesa leo, M-Pesa wiki ijayo, mpaka ikaisha. Nikashusha pumzi. Jumatatu mtoto akarudi na bahasha. "Programu za Uboreshaji", shilingi 14,500, lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi. Ndani yake kuna roboti, mapishi, muziki na uchoraji, kitu kinaitwa "fundi chipukizi", na Kifaransa. Asiyelipa, mwanawe "atakaa maktaba wakati wenzake wako vipindini". Maktaba yenyewe ni kabati mbili na meza ya mwalimu wa zamu.

Kusema kweli, niliposoma mara ya kwanza niliona fahari. Roboti! Mie enzi zangu kifaa cha kisasa shuleni kilikuwa kengele. Aliyenizindua ni mke wangu. Alikuwa anakuna nazi, hata kichwa hakuinua: "Baba watoto, hayo mapishi si ndiyo yale yale ya Kilimo na Lishe?"

Nikaenda nikatoa vitabu vyote vya mtoto mkobani, nikakaa navyo sakafuni mpaka saa sita usiku.

Kwa wasiofuatilia, mtaala huu wa umilisi ulipofika Gredi ya 7 Januari 2023, watoto walibebeshwa masomo 14. Wazazi wakalia, walimu wakalia. Lile jopo la Profesa Raphael Munavu, aliloliunda rais kuangalia mageuzi ya elimu, likatoa ripoti mwaka huo huo na masomo yakapunguzwa hadi 9. Lakini hayakutupwa, yaliunganishwa. Sayansi Kimu, yaani mapishi na mambo ya nyumbani, iliingia ndani ya Kilimo, likazaliwa somo la Kilimo na Lishe. Kompyuta na Biashara zikaingia kwenye lile wanaloliita Pre-Technical, pamoja na uchoraji wa kiufundi na mambo ya vifaa na mbao. Muziki, uchoraji, maigizo na michezo vikawa somo moja, Sanaa Bunifu na Michezo.

Sasa chukua ile orodha ya bahasha uilinganishe na hayo. Mapishi ni Kilimo na Lishe. Muziki na uchoraji ni Sanaa Bunifu. "Fundi chipukizi" ni Pre-Technical iliyovishwa kanzu mpya. Hata hiyo roboti, msingi wake ni kompyuta ile ile iliyomo ndani ya Pre-Technical. Kilichobaki ni Kifaransa peke yake, na hicho nitakisema baadaye kwa sababu nataka kuwa mwadilifu hata nikiwa nimekasirika.

Yaani hawa watu wametoa nyama kwenye mchuzi, mchuzi mtupu wametuuzia kwa bei ya karo, kisha ile nyama wanaipitisha mlango wa nyuma na bei yake mbali.

Mnadhani natia chumvi? Hebu nieleze yaliyomo kwenye daftari la Kilimo na Lishe. Kurasa na kurasa za maandishi. Njia za kupika: kuchemsha, kuoka, kukaanga, kupika kwa mvuke. Maana ya kukaanga. Faida za kukaanga. Hasara za kukaanga. Yote yamenakiliwa ubaoni. Mtoto wa Mombasa anaandika fasili ya kukaanga na hapo nje ya lango la shule mama wa watu anakaanga bhajia tangu alfajiri! Nikamuuliza, mmewahi kupika chochote darasani? Akasema mwalimu amewaambia hiyo ni ya klabu, yaani zile zile programu za kwenye bahasha.

Sanaa Bunifu ni hivyo hivyo. Ana ukurasa mzima wa sehemu za filimbi, zimechorwa kwa penseli na mishale. Filimbi hajaipuliza. Ya klabu.

Na mwaka jana, kabla hawajabuni jina la fundi chipukizi, kulikuwa na mradi wa Pre-Technical: lete kigoda cha mbao siku ya Ijumaa. Hakuna aliyewaonyesha watoto msumeno unashikwaje. Hapa nakiri kosa langu, msinipige mawe. Jumatano usiku, baada ya kijana kupinda misumari saba na kujigonga kidole, nilikwenda Majengo kwa fundi, nikalipa 600, kikatoka kigoda kizuri ajabu, miguu minne imetulia sakafuni kama ngamia aliyepumzika. Mtoto akapata alama ya juu kabisa. Hongera kwa fundi wa Majengo, amefaulu Gredi ya 7. Nilipokwenda siku ya wazi nikakuta vigoda vimepangwa ukumbini, na wallahi kumi na moja kati yake vilikuwa kazi ya fundi mmoja, rangi moja, hata doa moja la vanishi. Tulitazamana wazazi, kila mtu akaangalia simu yake.

Tulicheka siku ile. Sasa sicheki, kwa sababu nimeelewa alama zile zinakwenda wapi. Kijana wangu atakapofanya KJSEA, mtihani wa taifa wa mwisho wa Gredi ya 9, mtihani ule ni asilimia 60 tu ya matokeo yake. Asilimia 20 ni KPSEA, mtihani wa taifa alioufanya Gredi ya 6, na asilimia 20 nyingine ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Kundi la kwanza limepitia njia hiyo mwishoni mwa 2025, na kwa matokeo hayo ndiyo wamepangwa Gredi ya 10, huyu kwenye sayansi na teknolojia, huyu sayansi ya jamii, huyu sanaa na michezo. Kwa hiyo miradi hii ya darasani si mchezo. Inahesabiwa.

Nikamtafuta mwalimu mmoja pembeni. Mtu mzuri, mchovu, mshahara wake haufiki kwa wakati na yeye mwenyewe anajua ninajua. Nikamuuliza, ee mwalimu, alama za mradi wa lishe muhula huu zitatoka wapi? Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Tutatathmini kile watakachopika kwenye klabu."

Someni tena hapo. Klabu ni ya kulipia. Tathmini ni ya taifa. Asiyelipa 14,500 mtoto wake yuko maktaba, na aliye maktaba hajapika, na asiyepika atapewa alama gani? Sasa hiyo ni ziada gani ambayo mtoto asipokuwa nayo anapungukiwa?

Nilikwenda ofisini. Nikasubiri saa moja u nusu chini ya picha ya wale watoto wenye miwani. Mkurugenzi akanipokea kwa tabasamu, "Karibu mzee wangu", akaniagizia soda. Nikamweleza kwa heshima. Akasema shule yake inatoa "thamani iliyoongezwa", kwamba wazazi wa siku hizi wanataka mtoto aliyekamilika, kwamba ubora una gharama zake. Nikamwambia sawa, lakini mapishi yamo kwenye mtaala ambao tayari nimeulipia karo, hiyo thamani imeongezwa kwenye nini? Akasema nitume barua pepe.

Nilipokuwa natoka nikamuuliza katibu kuhusu miwani ya maabara, maana kijana anasema hajawahi kuivaa. Yule binti ni mkweli kupita kazi yake. Miwani iko sita, inatolewa siku ya kupiga picha. Chumba cha sayansi ni darasa la Gredi ya 9 lenye meza moja ndefu na mtungi mmoja wa gesi.

Kuhusu roboti niwe mfupi. Mwaka jana ilikuwa hiari na nililipa. Boksi moja, watoto 38, kijana mmoja anayekuja Jumatano dakika arobaini na ufunguo wa boksi ameuvaa shingoni. Nilimuuliza mwanangu mwisho wa muhula amejifunza nini. "Nilishika betri, baba."

Kifaransa ndicho kitu cha kweli pale. Mwalimu ni mama kutoka Bukavu, Kifaransa chake kimenyooka na Kiswahili chake kitamu, na watoto wanamwelewa kwa sababu anawaelezea lugha ngeni kwa lugha wanayoijua. Mwanangu anasalimia nyumba nzima kwa Kifaransa asubuhi mpaka bibi yake amechoka kuitikia. Hicho hakimo kati ya masomo ya lazima, basi kiiteni ziada, nitalipa, tena kwa moyo mweupe. Nilipoomba nilipie hicho peke yake nikaambiwa ni kifurushi, hakikatwi.

Na zile "kambi za vipaji" za likizo? Shilingi 6,000 mwezi wa nane uliopita. Kipaji cha mwanangu kumbe ni karatasi za Hisabati, kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa sita u nusu, kisha mpira dakika ishirini ili picha ipatikane. Masomo ya likizo yamekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, na adhabu yake imetajwa mle mle, faini isiyozidi laki moja au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote. Kuyabandika jina la kambi hakuyafanyi kuwa kambi. Hema sikuliona.

Najua kuna mtu anaandika hapo chini: "Si umpeleke shule ya serikali, nani amekulazimisha?" Nimemjibu kabla hajamaliza. Mei 2024 walimu wa mkataba wa sekondari msingi waligoma nchi nzima wakidai ajira ya kudumu, na walikuwa na haki yao. Skuli ya hapa mtaani kwetu watoto walikaa wiki kadhaa wakikimbizana uwanjani. Kijana wangu alikuwa Gredi ya 6, na hapo ndipo mimi na mama yake tulipoamua abaki kwenye ya kibinafsi, tutajibana. Tumejibana. Pikipiki niliiuza.

Lakini nikupe nyingine uliyoisahau, wewe unayeandika. Binti wa jirani yangu yuko shule hiyo hiyo ya serikali, Gredi ya 8 kama wangu. Darasa lao limejaa, madawati ya kugawana, sayansi wanafundishwa na mwalimu wa dini. Muhula uliopita walipanda sukuma wiki kwenye magunia nyuma ya choo, wakavuna, wakaleta kila mtu mkaa kidogo, wakapika pale pale chini ya mwembe na mwalimu wao amejifunga leso kiunoni. Yule binti alituletea bakuli. Mie nikala, nikamtazama wangu mwenye sare ya suti na tai, anayejua hasara nne za kukaanga.

Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi niliuliza swali moja tu, kwa adabu: "Naomba kujua tofauti ya klabu ya mapishi na somo la Kilimo na Lishe." Dakika nne. Kundi likafungwa, wanaoandika ni wasimamizi peke yao. Likaja tangazo la siku ya michezo. Kisha zikaanza kuingia jumbe za kando, moja baada ya nyingine. "Umesema kweli ndugu." "Pole, lakini nyamaza, watoto watateswa." Mama mmoja alinitumia picha ya risiti, yeye ana watoto watatu mle. Zidisheni wenyewe.

Barua nimeandika, nakala moja ya mkurugenzi na moja ya ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Nataka kuambiwa kwa maandishi alama za mtoto asiyelipa klabu zitatoka kwenye kazi gani, na Kifaransa kitolewe kwenye kile kifurushi. Mkutano wa wazazi ni Jumamosi saa tatu. Mlio na watoto shule za kibinafsi, si lazima yangu, naombeni muandike hapa mnatozwa nini kwa jina la uboreshaji na kama kimo kwenye mtaala au hakimo. Majina ya shule msiweke. Nitachapisha niende nazo.

Na tafadhali asiniambie mtu "vumilia mwaka mmoja umebaki". Ana mdogo wake Gredi ya 5.

Nyongeza, saa tatu na robo usiku: Ujumbe umeingia kutoka kwa mhasibu. Kwa kuwa sijalipa kifurushi, kuanzia kesho kijana ameondolewa vipindi vyote vya uboreshaji, na Kifaransa pia. Atakuwa maktaba. Nimemwambia abebe kitabu kutoka nyumbani.